Vidole Viwili

Katika karakana ya Mama Sponji kila kitu kilishikwa na kila mtu, isipokuwa mkasi mkubwa. Nyundo, stepla, gundi, sindano ndefu iliyopinda ya kushonea makochi, vyote vilipita mkono hadi mkono. Mkasi ulikuwa na mwenyewe. Jioni aliutia mkobani akaenda nao nyumbani, asubuhi akarudi nao, na mumewe alikuwa amezoea kuulizwa na watoto, "Mama yuko wapi?" akajibu, "Ameenda kuutembeza mkasi."

Alifika kazini saa kumi na mbili asubuhi. Wenzake walifika saa mbili. Muda huo wa katikati ulikuwa wake peke yake. Alifungua makufuli, akatandaza kitambaa kwenye meza ndefu, akakata. Wafanyakazi walipoingia walikuta vipande vimefungwa kwa uzi, vya migongo huku, vya mikono kule, vya kukalia pale, na mwenye karakana anakunywa chai kama mtu aliyekwisha kuimaliza siku yake. Kazi yao ilikuwa kushona, kuvuta na kupigilia.

Walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa Wifi, dada wa mumewe, mwanamke ambaye hata akiomba chumvi mezani husikika ng'ambo ya barabara. Wa pili alikuwa Mama Pacha, aliyekuja miaka mitatu iliyopita kutafuta kazi ya kufagia, akaonekana ana mkono mwepesi, akapewa sindano. Mama Pacha hakuwa msemaji, alikuwa muulizaji. "Dada, kwa nini hapa unaanza kuvuta katikati?" "Dada, sponji hii ikilala, itainuka?" Mama Sponji alijibu yote, na alijibu vizuri, mradi swali lisisogee kwenye meza ya kukatia. Likifika hapo alikuwa na mkono wa birika kweli kweli.

Jina lake lilitokana na vipande vya sponji vilivyokuwa vikimganda kwenye nywele alipoanza kazi. Majirani walimpa kwa kumcheka. Yeye akalichukua, akamwita mchora mabango, akamwambia aliandike juu ya mlango kwa rangi nyekundu. Miaka ile ya mwanzo mteja aliingia, akamtazama toka juu mpaka chini, akauliza, "Fundi yupo?" Naye akajibu, "Unamwona." Wengine waligeuza njia. Wengine walibaki kwa kuona aibu, na baadaye wakarudi kwa hiari yao.

Sasa hapakuwa na wa kuuliza. Mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafanyabiashara alikuwa amempigia simu kumwomba azungumze Jumamosi ya mwisho wa mwezi mbele ya wanawake sitini: walio na nia ya kuanza, na walioanza wakakwama palepale. "Wewe ndiye mfano wetu," mwenyekiti alisema. Mama Sponji hakupenda kuvishwa kilemba cha ukoka, lakini alikubali, akanunua daftari. Akaandika: Kwanza, msiogope. Pili, fundisheni wengine, biashara ya mikono miwili haikui.

Hilo la pili alilisoma mara tatu. Alilifuta, akaliandika upya, kisha akafunga daftari.

Alikuwa na sababu. Kila kazi ya makochi huwa na karatasi zake, kaki nene zilizokatwa kwa kipimo cha kiti. Fundi huilaza kaki juu ya kitambaa, akaizungushia chaki, akakata. Ukiwa na kaki nzuri unaweza kukivalisha kiti hicho hata baada ya miaka kumi bila kukiona. Kaki za Mama Sponji zilining'inia kwenye msumari mrefu ukutani, kila mtu aliziona, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli. Kila karatasi ilikuwa na upande mmoja aliouminya kwa upana wa vidole viwili. Hakuweka alama. Alijua tu ni upande upi, na chaki ilipofika hapo, mkono wake ulitoka nje kwa vidole viwili ukaendelea na safari.

Alianza mchezo huo miaka sita nyuma, baada ya msichana wa kwanza aliyemfundisha. Alimfundisha kila kitu, akamwita mwanangu. Siku moja msichana hakuja kazini. Wiki mbili baadaye alikuwa amefungua karakana mitaa miwili mbele, akiwa na kaki alizozinakili moja baada ya nyingine, na wateja wawili wakubwa. Kusema kweli, mmoja wa wateja hao alirudi mwaka uleule akilalamikia kochi lililozama katikati, na karakana yenyewe ikafungwa. Lakini mtu akiumizwa hahesabu kilichorudi. Mama Sponji alikaa mbele ya msumari ule, akazishusha kaki zote, akaanza kuzipunguza. Wakija kuiba tena, aliwaza, waibe uongo.

Kisha ikaja kazi ya viti themanini.

Vilikuwa viti vya ukumbi wa chuo, na mahafali yalikuwa Ijumaa ya wiki iliyofuata. Hakuwa amewahi kupata kazi kubwa namna hiyo. Alipima kiti kimoja, akakata kaki, upande wa mbele akaupunguza kama kawaida, akaitundika juu ya nyingine. Kitambaa cha buluu kiliagizwa, kikachelewa. Na kama mambo yasivyopenda kuja moja moja, hospitali ya mji wa jirani ikapiga simu: nafasi ya mama yake ya kutolewa mtoto wa jicho imepatikana, ni Jumatatu, akikosa atasubiri miezi mingine minne.

Jumapili akapanda gari na mama yake. Mkasi ulikuwa mkobani.

Jumatatu asubuhi, nje ya chumba cha upasuaji, simu ikalia.

"Wifi!" Ukumbi mzima wa wagonjwa ukageuka. "Majora yamefika! Yote manne, rangi ileile. Tufanyeje sasa, tuyakodolee macho mpaka urudi?"

"Punguza sauti, niko hospitali. Mpe Mama Pacha."

"Dada, shikamoo. Mama anaendeleaje?"

"Marahaba. Ndiyo anaingia." Mlango ulikuwa umefunguliwa na muuguzi alikuwa anaita jina kwa mara ya pili. Mama yake, jicho limetiwa dawa, alikuwa akipapasa hewani kuutafuta mkono wa binti yake. "Sikiliza. Kuna mkasi wa akiba kwenye droo ya cherehani. Kaki ya viti iko juu kabisa pale msumarini. Kateni. Kateni vyote, mshone, nikirudi Jumatano tunafunga."

Sauti ya Mama Pacha ikashuka.

"Nikate mimi?"

"Nani mwingine? Nimpe Wifi mkasi akate na meza?"

Alizima simu, akaushika mkono wa mama yake.

"Umemwachia mtu kukata?" mama mtu akauliza. "Wewe? Basi leo mvua itanyesha mawe."

Mama Sponji akacheka. Alipobaki peke yake kwenye benchi alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo alioubeba mpaka akasahau kwamba ni mzigo. Alitoa daftari, akafungua palipoandikwa fundisheni wengine, akaweka tiki.

Vidole viwili havikumjia akilini. Mtu akifanya uongo uleule kila siku kwa miaka sita, haukumbuki tena. Unakuwa kama kufungua mlango wa nyumba yako: mkono unajua upande wa kuzungusha ufunguo, kichwa kiko kwenye mambo mengine.

Jumatano adhuhuri alipokunja kona alimwona Wifi amekaa nje ya karakana kwenye ndoo iliyofunikwa, ameshika tama, hasemi na mtu. Wifi kutosema na mtu ilikuwa habari tosha. Mama Sponji akaharakisha. Alipofika kizingitini akaona kiti kimoja juu ya meza, kimevalishwa buluu, na mbele yake ubao uko wazi kama meno ambayo mdomo umeshindwa kuyafunika.

Hapo ndipo alipokumbuka. Hakuna aliyekuwa amemwambia neno.

Mama Pacha alikuwa amesimama na futi shingoni. Nyuma yake mavazi ya viti yalipangwa kumi kumi, yameshonwa safi, nyuzi zimenyooka, na yote themanini yalikuwa hayafai.

"Dada," alisema, "nimekuharibia kazi."

Mama Sponji akautua mkoba mezani.

"Nilikunja kitambaa kama unavyokunja wewe. Nililaza kaki, nikaizungushia chaki, nikakagua mara mbili. Nikakata polepole, hata Wifi alinicheka. Tukashona jana kutwa. Leo asubuhi tumevalisha cha kwanza, hakifiki. Cha pili, hakifiki. Nimejaribu kumi na moja." Akavua futi shingoni. "Sijui mkono wangu ulikwenda wapi."

Maneno sahihi yalikuwa tayari kinywani mwa Mama Sponji. Yalikuwa machache, mtoto angeweza kuyasema. Akayameza, na badala yake akasikia mengine yakitoka.

"Ndiyo maana nasema mkasi una mwenyewe."

Akapita, akaingia stoo, akajifanya anatafuta kitu.

Stoo ilijaa sponji mpaka juu, na ndani yake sauti za nje zilififia. Alisimama katikati ya ule ulaini akafikiri haraka, kama alivyozoea kufikiri mambo yakienda mvange. Hakuna anayejua. Akinyamaza, kitambaa kitapatikana kwa njia moja au nyingine, na Mama Pacha atabaki fundi mzuri wa kushona asiyejua kukata. Fundi wa namna hiyo haendi popote. Wazo hilo lilimjia likiwa limevaa nguo nzuri, na kwa dakika kama tano alilikaribisha, akalipa kiti.

Mlango wa stoo ukasukumwa. Mama Pacha aliingia ameshika ule mkasi wa akiba, ameuviringisha kwenye kitambaa kama chombo cha kuazima.

"Nakurudishia. Na kuna neno nataka nikwambie mwenyewe, usije ukalisikia kwa mtu."

"Sema."

"Mimi nilikuwa nakuibia."

Mama Sponji akamtazama.

"Kaki. Ukitoka kwenda kupima kwa wateja, nilikuwa naweka gazeti juu ya kaki, nachora, naenda nayo nyumbani. Ile ya viti vya chakula. Nina kiti kimoja cha kazi hiyo jikoni, hoteli ilikitupa nikakiokota. Nimekuwa nikikivalisha mwaka mzima. Nilisema nikiweza kile, nitaanza kidogo kidogo pale barazani kwetu. Viti vya chakula tu, makochi nisingegusa, wateja wako nisingegusa. Nilipanga kukwambia." Alisema yote hayo bila kuinua macho. "Nimekivalisha mara sita, dada. Mara sita hakifiki. Nikasema ni giza la jikoni. Nikasema ni kitambaa cha mtumba, kimevutika. Pacha wangu mmoja akakikalia kikachanika nikamfokea mpaka akalala bila kula. Sasa hapa pana mwanga, pana meza, kitambaa ni kipya. Na nimekata kifupi vilevile. Vidole viwili, vilevile."

Alinyoosha mikono yake mbele, akaigeuza, kama anamwonyesha muuzaji bidhaa yenye kasoro.

"Basi nimepata jibu langu. Kuna watu wa kukata na watu wa kukatiwa. Nitamalizia viti hivi kwa namna utakayosema, kisha narudi kufua nguo za watu. Kufua hakuna kipimo."

Kwa miaka sita Mama Sponji alikuwa amemsubiri mwizi. Alikuwa amempangia maneno makali, mengine aliyafanyia mazoezi akioga. Mwizi alikuwa amekuja, kwa miguu yake, na hakuna hata neno moja kati ya yale lililopata pa kusimama. Alichokiona ni kwamba mtego wake ulikuwa umefanya kazi. Ulikuwa umemnasa mwanamke jikoni kwake, anavua kiti na kukivalisha, anavua na kukivalisha, mpaka amefika mahali pa kuamini kwamba kasoro ni yeye.

"Njoo," alisema.

Walitoka. Mama Sponji akanyanyua mkono, akashusha kaki ya juu kabisa, akaondoa lile vazi la buluu juu ya kiti, akailaza kaki juu ya sponji tupu.

"Angalia."

Mama Pacha akainama. "Nyuma inafika. Pembeni inafika." Akaweka vidole vyake viwili kwenye pengo la mbele. "Hapa imepungua."

"Imepungua."

"Kwa hiyo kaki ndiyo..."

"Kaki ndiyo fupi. Wewe ulikata sawasawa. Hata mimi ningekata hivyo kama ningeifuata." Akaishika kaki kwa mikono miwili. "Mimi ndiye niliyeipunguza. Zote zile za ukutani nimezipunguza, kila moja mahali pake. Kwa makusudi."

"Makusudi ya nini?" Wifi alikuwa amesimama mlangoni.

"Mtu akiniibia, asifike popote."

Wifi akacheka kicheko kimoja, kikakatika njiani.

"Subiri. Mimi niliyewabeba watoto wako mgongoni wote watatu, mimi ni mwizi?"

"Sikukufikiria wewe."

"Ulimfikiria nani? Humu tuko wawili, na paka hashoni!"

Wifi akamwaga yote: kwamba kaka yake alionywa kuhusu wanawake wabishi, kwamba yeye alimtetea, kwamba angejua angemtetea kwa vidole viwili pungufu. Siku nyingine wangecheka. Mama Pacha hakuwa akisikiliza. Alikuwa bado ameinamia kiti, na vidole vyake bado viko kwenye pengo.

"Mwaka mzima," akasema taratibu. "Nilikuwa nikiosha vyombo naiangalia mikono yangu. Haikunijia hata siku moja kupima karatasi. Ningeipimia nini? Ilikuwa ya kwako."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Usiniombe leo."

Mama Sponji akaitika kwa kichwa. Lilikuwa jibu la haki.

Lakini viti vilikuwa havina habari na haya yote. Mahafali ni keshokutwa, majora yamekwisha, na duka la kitambaa lingehitaji wiki nzima kuleta mengine. Walikaa watatu kila mmoja upande wake. Wa kwanza kusema alikuwa Wifi, ambaye hasira zake hazikuwahi kumaliza saa moja.

"Sketi ya shule ikiwa fupi tunafanyaje?"

"Tunashusha pindo," Mama Sponji akasema.

"Na kama halina pindo la kushusha?"

Wakatazamana. Stoo kulikuwa na ngozi bandia nyeusi iliyobaki kwenye kazi ya mabenchi ya zahanati, karibu jora zima. Ukanda mmoja mbele, ukishonwa vizuri, ungepita chini ya ubao na kujificha. Tena mbele ndiko miguu ya watu inakosugua, ngozi ingedumu kuliko kitambaa.

Mama Sponji alifungua mkoba, akatoa mkasi mkubwa, akauweka mezani mbele ya Mama Pacha.

"Kata."

"Kwa kaki gani?" Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mwanamke huyu akirusha kijembe, na kilimpata.

"Bila kaki. Pima kiti chenyewe."

Mama Pacha alipima. Aliandika vipimo kwenye kiganja chake kwa kalamu, akapima tena, akachora, akakata ukanda mmoja. Wifi akaushona. Walivalisha kiti, wakageuza, wakavuta, wakapigilia pini. Walipokisimamisha, ule ukanda mweusi ulikuwa umekaa mbele kama uliokusudiwa tangu mwanzo. Mama Pacha aliweka kiganja kwenye ukingo, akakipitisha kutoka kushoto mpaka kulia, polepole, kisha akarudi nacho kutoka kulia mpaka kushoto. Mama Sponji akageukia dirisha, akamwachia nafasi.

Walifanya kazi siku hiyo na siku ya pili yake bila mazungumzo mengi. Ijumaa asubuhi msimamizi wa ukumbi alikuja na lori na shada la funguo kiunoni, akazunguka viti.

"Huu weusi haukuwepo kwenye mapatano yetu."

"Haukuwepo," Mama Sponji akasema. "Kipimo changu kilikuwa na makosa. Tumerekebisha hivi. Ukiona haifai, nitakushonea upya kwa gharama yangu baada ya sherehe."

Msimamizi akakaa. Akainuka, akakaa kingine. "Kiti kinakalika," akasema, akaita wapakiaji.

Jumamosi Mama Sponji alikwenda kwenye mkutano na daftari lake, na hakulifungua. Aliwaambia wale wanawake sitini alivyoanza, maana hicho ndicho walichokuja kusikia. Kisha akawaambia habari ya kaki. Hakupamba. Mwenyekiti alikuwa anatazama sakafu.

"Nawaambia kwa sababu mtaanza, na wengine mtafika mbali," alisema. "Na siku mkifika, mtaona mtu anakuja nyuma yenu, na mtataka kumminya kidogo tu, mahali asipoona. Mimi nilifanya. Biashara yangu imekaa ukubwa uleule miaka sita, nikawa nalaumu soko."

Muuza mayai mmoja wa safu ya mbele akanyanyua mkono. "Sasa huyo dada ukimfundisha kweli, huogopi atakuchukulia wateja?"

"Naogopa," Mama Sponji akajibu. "Na atawachukua."

Wakacheka wote. Yeye hakucheka.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi alimkuta Mama Pacha amesimama mbele ya makufuli.

"Nataka kukata," Mama Pacha akasema. "Miezi mitatu. Baada ya hapo naondoka."

"Nikikataa?"

"Naondoka leo."

"Shika taa, nifungue."

Kila asubuhi walishusha kaki moja na kuirudisha kwenye ukweli wake. Haikuwa kazi nyepesi. Nyingine Mama Sponji mwenyewe alikuwa amesahau alipozipunguza. Uongo ulikuwa umempoteza kama ulivyokusudiwa kuwapoteza wengine. Ilibidi waende kwa wateja wa zamani, wapige hodi, waombe kupima kochi walilolishona miaka mitano nyuma. Watu walishangaa, wakawakaribisha chai. Wateja wanne walitaka palepale kochi livalishwe upya, jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Mama Pacha bado alisema kwa kubana maneno, lakini maswali yake yalirudi, na sasa yalifika mpaka mezani.

Kukiwa na mikono minne ya kukata, karakana ilimaliza kwa wiki moja kazi ya wiki mbili. Waliongezwa wanawake wawili wa kushona, mmoja mjane, mwingine mhitimu wa shule aliyekuwa nyumbani kwa kukosa la kufanya. Wifi akajipa cheo cha kuwafundisha, akawafokea kwa upendo mkubwa. Mama Sponji akaanza kulala mpaka saa kumi na mbili, na mumewe akasema amepata mke mpya.

Miezi mitatu ilipokwisha Mama Pacha aliaga. Aliondoka na kaki kumi na mbili, alizokata mwenyewe mbele ya mwenye karakana. Hapakuwa na hotuba. Wifi alilia kwa niaba ya wote.

Miezi saba baadaye, Mama Sponji alikuwa anatoka duka la kitambaa akapita mtaa wa Mama Pacha. Barazani palikuwa na meza, palikuwa na msichana anavuta sponji, na kando ya ukuta palipangwa mabenchi marefu ya chuma aliyoyafahamu vizuri sana. Yalikuwa mabenchi ya zahanati. Yeye ndiye aliyeyavalisha mara mbili zilizopita.

Mama Pacha alimwona, hakujificha. Alikuja mpaka barabarani akijifuta mikono.

"Shikamoo, dada. Walikuja wenyewe. Nilitaka nikupigie simu, nikawa natafuta maneno."

"Marahaba. Wamekwambia kwa nini?"

"Wamesema mimi nawahi."

Iliuma. Mama Sponji alikuwa amewaambia watu sitini kwamba siku hii itakuja, na kuisema mapema hakukuipunguzia makali hata kidogo. Alisogea kwenye benchi la karibu, akainama, akapitisha kidole chini ya ukingo. Alijua anachotafuta. Alitafuta pini iliyolegea, mshono uliopanda, kitu chochote cha kwenda nacho nyumbani. Kazi ilikuwa safi mpaka alipofika kwenye pembe.

"Hapa umekunja mara tatu," alisema. "Ngozi hii nene, kunja mara mbili na ukate ya ndani. Ya tatu itatutumka watu wakikaa."

Mama Pacha akainama kuangalia, akaigusa. Kisha akaenda kuchukua bisibisi, akarudi, akang'oa pini za pembe ile palepale, akakunja mara mbili.

"Hivi?"

"Vuta kidogo. Hapo."

Akapigilia. Msichana wa sponji alikuwa ameacha kazi yake anatazama.

"Ziko pembe arobaini," Mama Pacha akasema, akipumua kwa nguvu.

"Basi usipoteze muda na mimi."

Mama Sponji akajitwisha jora lake begani, akaendelea na njia. Alitembea haraka kuliko kawaida yake, akifikiri: kwenye karakana yake benchi moja huchukua siku mbili, na kati ya siku hizo mbili nusu siku nzima ni kusubiri gundi ikauke. Lazima iwepo namna ya kufanya jambo jingine gundi inapokauka.